Mkanda Unalia

2 Machi

Baba amenigongea mlango kabla hakujapambazuka. "Mama," akaita, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, "amka ukauangalie mkanda. Unalia."

Mashine yetu ya kusaga iko mbele, inatazama barabara, na sisi tunaishi nyuma yake. Kati yetu na mashine ni ukuta tu. Nimefungua banda nikawasha taa. Mashine ilikuwa imezimwa tangu jana jioni. Mkanda umetulia juu ya magurudumu yake, hauna habari na mtu. Nilipomwambia hivyo, Baba akanitazama vile unavyomtazama fundi anayekudanganya.

"Basi ni wa wale," akasema, akanyoosha kidole kuelekea mwisho wa mtaa, kwenye mashine mpya.

Naandika kwa sababu nyumbani kwetu kusema ni kupiga kelele. Baba kasaga tangu ujana wake mpaka magoti yalipomgomea, mimi nikashika nafasi yake, na koo zetu zimezoea kushindana na mota. Kwenye daftari tu ndipo ninapoweza kusema taratibu.

4 Machi

Nimebadilisha mkanda. Huu mpya kabisa, bado unanuka duka. Baba kaja na kigoda chake, kakaa karibu nao, kausikiliza huku umesimama.

"Bado unalia," akasema.

7 Machi

Mvua usiku kucha. Bati lilipigwa mpaka nikadhani linang'oka. Asubuhi nimemkuta Baba amelala fofofo, mdomo wazi, nikamwacha. Nadhani ni ubaridi uliomlaza.

11 Machi

Mvua imekatika na usingizi wa Baba umekatika nayo. Macho yamemwiva. Uji kaukataa. Ananiuliza hao wenye mashine ni watu gani wasiochoka.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sijifichi. Nimekwenda mpaka mwisho wa mtaa na vumbi langu la unga kichwani. Mwenye mashine mpya ni mtu mnene, mpole, ananiita shemeji wakati hatuna udugu wowote, na hilo peke yake linanichefua.

"Mkanda wako unalia," nikamwambia mbele ya wateja wake. "Baba yangu halali."

"Shemeji, mimi nafunga kabla ya giza. Uliza yeyote."

"Unafunga mlango, unasaga kwa ndani!"

"Nisage nini, shemeji? Msimu huu nani ana mahindi?"

Hapo alisema kweli. Mvua hizi ndizo za njaa kwetu wasagaji. Ya mwaka jana yameliwa, ya mwaka huu bado yako shambani yana urefu wa goti. Siku nyingine naiwasha mashine kwa debe moja tu, na nyingine siiwashi kabisa. Lakini sikutaka kumpa ushindi. Nimeondoka nikisonya.

Jioni mdogo wangu kapiga simu. Yeye anafanya kazi ofisini, kwenye jengo lenye lifti, na ushauri hauishi kwake.

"Dada, mtafutie Mzee eafoni zisizo na waya. Zile ndogo za kutia sikioni. Zipo zinazomeza kelele za nje. Mimi hapa wenzangu wakianza kupiga domo nazitia, naona midomo tu inacheza."

"Na akilala?"

"Akilala vizuri. Asipolala mpaka mvua ziishe, nakuja kumchukua. Kwangu ni kimya."

Kwake ni kimya kweli. Lakini Baba akiondolewa kwenye banda hili hafiki mbali. Hapa ndipo alipozeeka, kila nati anaijua. Akiondoka, atakayebaki kunitengenezea siku yangu ni nani? Basi eafoni ndizo hizo. Nazitafuta.

15 Machi

Kibanda cha vifaa vya simu ni cha mwanamke tunayemwita Mama Chaja. Nimemweleza nataka za kuzima kelele.

"Kelele za nani?"

"Za watu wabaya."

Kacheka, akanitolea boksi za rangi zote. Nikashika ya bei ya chini, nje imeandikwa kwamba inakata kelele.

"Dada, boksi usiliamini. Hiyo inakata kelele kwenye simu, ili unayeongea naye asisikie magari ya huku kwako. Wewe mwenyewe utasikia yote. Za kukata kelele sikioni kwako ni aina nyingine, na lazima zizibe sikio sawasawa, la sivyo ni pambo."

Nikajua ananipandisha bei. Nikachukua hizo hizo. Akasema kitu, nikawa natazama boksi, mpaka akanigusa bega. "Nimekuuliza mara ngapi Mzee anatumia simu gani. Husikii?"

"Nilikuwa nawaza," nikamwambia.

16 Machi

Aibu tupu. Sikio la kulia la Baba ni pango, la kushoto hata kijiti cha pamba kinabisha hodi. Ya kulia imedondoka kwenye uji. Tumeitoa kwa kijiko, tukaifuta, ikaimba bado, kwa hilo naisifu. Nimemwekea wimbo wake wa ujanani: besi inadunda kama mtu anagonga mlango, mwimbaji hayupo. Na kelele zote za mtaa zimeingia kama kawaida, hata jogoo wa jirani.

Baba kaniwekea viganja chini. Sisi wa mashine tunasemeshana kwa mikono, maana mota ikiwaka mdomo haufai kitu. Viganja chini ni zima. Kidole juu kinazunguka ni endelea, usizime. Kwa hiyo nikazizima.

23 Machi

Nimerudi kwa Mama Chaja na mkia katikati ya miguu. Hakunisimanga, na hilo lilinikera zaidi. Kanitolea za kati, zenye kijimkia cha kushukia shavuni, na vipira vya mbele vya saizi tatu. Kanifundisha: kulia kipira kikubwa, kushoto kidogo, vuta sikio juu kidogo, sokota unapoingiza. Halafu mwambie atafune, akohoe, atikise kichwa. Zikibaki, zimemkaa.

Zimebaki. Mwimbaji naye karudi, Baba kamtambua mpaka pumzi yake, na akatabasamu. Sijaliona tabasamu hilo tangu mvua zianze. Feni na mazungumzo ya nje yamepungua, sisemi yamekwisha, yamepungua. Nikasimama mlangoni nikajisifu.

Wimbo ukaisha. Baba akangoja kidogo, tabasamu likamwishia palepale.

"Mkanda," akasema.

Basi hazina nguvu ya kutosha. Tena ya kushoto inamuumiza, kaitoa sikio limekuwa jekundu.

30 Machi

Nimeamua kama mtu mzima wa nyumba hii. Masikio yamechoka, yapumzishwe. Nimemhamishia Baba chumba cha nyuma kabisa, dirisha nimeliziba kwa godoro la zamani, friji nimelichomoa. Na bandani asikanyage tena.

"Mama, niache nikae tu karibu na mota," akaniomba. "Sitagusa kitu."

"Mota ndiyo iliyokuharibu, Baba."

"Nikae mlangoni basi."

"Hata mlangoni."

Aliniomba kwa sauti ndogo, na mimi nikajikaza. Daktari gani angefanya zaidi? Kimya nilichomtengenezea kule nyuma ukikaa unaisikia saa ya ukutani.

4 Aprili

Hali chakula. Hasemi. Anakaa kitandani na viganja chini. Zima, zima.

6 Aprili

Mvua nzito toka mchana. Kalala.

7 Aprili

Jua. Nimemkuta amejifunika mto kichwani, anajigonga paji la uso taratibu kwa ngumi. Nimemshika mikono. Tumekaa hivyo mpaka akachoka. Nilitaka kulia, nikaona nikianza mimi nyumba nzima itazama.

12 Aprili

Mdogo wangu kaja na gari. Alipomwona Baba kaanza kukunja nguo zake na kuzitia kwenye begi. Sikumzuia. Nimeshindwa, na nimesema hivyo.

Baba kabla ya kupanda gari kapita bandani, kaishika mashine ubavuni. Wala hakuniangalia.

17 Aprili

Kamrudisha!

Kasimamisha gari hapo nje, akashuka amefura. "Dada, mimi siwezi. Nilimpa chumba cha peke yake, madirisha mazito, hata mbwa halii mtaa ule. Unajua kafanya nini? Kila siku tunamkuta jikoni kaiwasha blenda. Tupu! Haina kitu ndani! Kakaa mbele yake kafumba macho. Mke wangu anaogopa. Jana imeungua."

Nilitaka kucheka, nikakumbuka. Baba ndiye aliyenifunza kwamba mashine haisagi hewa. Nilipokuwa binti mdogo niliiacha izunguke bila nafaka, nikacheza rede na wenzangu, na hiyo ndiyo siku pekee maishani aliyonitandika. Nyundo za kusagia zinalika bure, umeme unalika bure. Mtu huyo ndiye kakaa anasaga hewa kwenye blenda ya mkwe wake?

"Mzee akili zinaondoka," mdogo wangu kasema, sauti imemshuka. "Tujiandae."

Nikamwambia akili za Baba ziko sawa kuliko zetu sisi wawili tukizichanganya. Nilisema kwa hasira. Sikuwa na hakika.

19 Aprili

Mwenye mashine mpya kaja mwenyewe mlangoni, kavua kofia. "Shemeji, jana na leo sijawasha kabisa. Nimeona nimpumzishe Mzee. Vipi, kalala?"

Hakulala. Nimesimama na mlango mkononi sina pa kuuweka uso wangu. Mtu huyu nilimtukana mbele ya wateja, na bado kafunga riziki yake kwa ajili ya baba wa mtu. Nimeshindwa hata kumkaribisha ndani.

Na kama si mkanda wake, ni wa nani?

20 Aprili

Leo naandika kirefu, nisipoandika nitapasuka.

Nimekwenda kwa Mama Chaja asubuhi, nikamwambia sitabisha, nipe za kweli. Katoa zilizokuwa nyuma ya kabati, toleo la mwaka jana, ndiyo maana bei imeshuka ikafika mikononi mwa watu kama sisi. Vipira vyake si vya mpira, ni vya sponji: unavifinya, unavitia, vinavimba vyenyewe vikajaza tundu, pango au si pango. Nilitaka kuzijaribu akanikatalia, hakubali kitu kiingie sikio la mtu kabla ya mwenyewe. Kajitia yeye zile za maonyesho, akaniambia nipige makofi. Nikapiga. Hakupepesa.

Nyumbani nimemkalisha Baba kwenye chumba changu. Nimefinya, nimevuta sikio, nimesokota, nimengoja sponji ivimbe. Kulia imekaa. Kushoto imekaa. Tafuna, Baba. Katafuna. Kohoa. Kakohoa. Kichwa kakitikisa mpaka nikamwambia basi. Haikuchezacheza hata moja. Nikambonyezea pale pa kuzima kelele.

Uso wake ukasimama. Macho yakapanuka. Nje palikuwa na lori linarudi nyuma, fundi wa mabati anagonga, watoto wanatoka shule, na yeye kakaa kama yuko peke yake duniani. Nikamzunguka nyuma nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Hakugeuka! Nikapiga kifuniko cha sufuria. Wapi! Wallahi nilicheka peke yangu, nikarukaruka na umri huu, nikasema mdogo wangu akipiga simu leo nitamwimbia.

Baba akanishika kifundo cha mkono.

Akasema taratibu. Baba yangu sijawahi kumsikia akisema taratibu namna ile. Ilibidi niangalie midomo yake.

"Mama. Wote wameondoka."

Nikatikisa kichwa kukubali, machozi yananilenga.

"Umebaki wenyewe."

"Nini, Baba?" Akasoma midomo yangu.

"Mkanda." Akainua kidole akakigusisha katikati ya kichwa, juu ya utosi. "Uko humu. Siku zote ulikuwa humu. Nilikuwa nakusumbua bure."

Nikazichomoa kwa haraka kana kwamba zinamuunguza. Lori likarudi, fundi akarudi, watoto wakarudi, na Baba akashusha pumzi ndefu. Kelele ndizo zilizompunguzia. Kelele! Na mimi nimeziba dirisha kwa godoro.

24 Aprili

Daktari wa masikio ni mwanamke mtaratibu, kamfungia Baba kwenye chumba cha kupimia, akatoka na karatasi yenye mstari unaoteremka kama kilima. Anasema mashine imeyaua masikio kwa ndani, na sikio lililokufa haliwi kimya, linapiga mlio wake. Dawa hakuna. Kuzima hakuna. Kimya kinaufanya mlio ukue, kelele za wastani zinaufunika.

"Nyumbani anakaa wapi?" akauliza.

Nikatazama karatasi. Baba akanijibia. "Ananitunza vizuri," akasema.

Katushauri tuzitumie eafoni zilezile, tusibonyeze kuzima kelele, tumwekee sauti ya mvua kwa chini. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe unasaga tangu lini? Pita nikupime."

Nikamwambia nina wateja wananingoja. Sina wateja.

25 Aprili

Godoro nimeliondoa dirishani. Friji linanguruma. Nimekwenda kumwomba radhi mwenye mashine mpya. Kasema, "Yameisha, shemeji." Leo neno hilo halikunichefua.

28 Aprili

Mvua ya kwenye simu inafanya kazi mpaka chaji inapokwisha. Baba anasinzia vizuri, halafu eafoni zinalia ti-ti, zinakatika, naye anaamka kama mtu aliyemwagiwa maji. Anasema mlio ukirudi unarudi umenona.

5 Mei

Sikio la kushoto limevimba, linatoa maji. Muuguzi kasema eafoni zisiguse tena mpaka lipone, na kwa umri wake huenda lisipone upesi. Nimezirudisha kwenye kikasha chake. Sina hasira hata. Hasira nimezitafuta pale zinapokaa, sikuzikuta.

10 Mei

Nimemrudisha bandani. Kakaa juu ya gunia la pumba, karibu na mota kabisa, vile alivyokuwa ananiomba. Kaja mama mmoja na debe lake, nikawasha. Baba kafumba macho, na kabla debe halijafika nusu alikuwa kalala, vumbi la unga linamtua kwenye kope.

Nafaka ilipokwisha kaamka mwenyewe. Alijua kwa mtetemo. Viganja chini: zima. Mashine haisagi hewa. Nikazima, akabaki kakaa na uso wake ule, anangoja debe jingine. Halikuja.

Najua ninachokifanya. Namtibu kwa sumu ileile. Daktari alisema kelele za wastani, na mota hii haina wastani.

13 Mei

Debe moja.

14 Mei

Hakuna.

16 Mei

Mawingu yamekwisha kabisa. Mdogo wangu kapiga simu kuuliza kama eafoni zimemsaidia Mzee. Nikamwambia zimemsaidia kujua.

19 Mei

Mchana, barabara imekufa kwa jua, hakuna mteja wala dalili. Baba alikuwa ndani amejilaza. Nilikaa bandani nikazitoa eafoni, nikavifuta vipira kwa pamba na spiriti, nikakusudia kumrudishia Mama Chaja auze kwa nusu. Sijui kwa nini nilizitia. Ni tamaa tu, tumezihangaikia msimu mzima na sijawahi kujua zinasikikaje. Nikafinya sponji, nikasokota, nikangoja. Zilinikaa vizuri, kuliko zilivyomkaa yeye. Nikabonyeza.

Mtaa ukaondoka. Feni ikaondoka. Nikatabasamu.

Halafu nikaisikia sauti nyembamba, ya juu, mbali kidogo. Niligeuka upesi kuutazama mkanda. Umesimama. Nikauwekea mkono, baridi. Nikaangalia swichi, iko chini, imezimwa. Nikakaa pale mkono juu ya mkanda, na mkanda unalia.

Nikaipandisha swichi. Sikufikiri. Mota ikashika, nyundo zikazunguka, hakuna punje hata moja ndani, na ule mlio ukazama kwenye ngurumo kama haujawahi kuwapo.

Baba akatokea mlangoni anachechemea na magoti yake, kakunja uso. Akatazama juu ya mashine, hakuna nafaka. Akaniwekea viganja chini, kwa nguvu, kama siku ile aliyonitandika. Zima!

Nikainua kidole nikakizungusha.

Akarudia, viganja chini. Nami nikarudia, kidole kinazunguka. Ndipo akaziona zile eafoni masikioni mwangu. Akazitazama, akanitazama. Mikono yake ikaanguka ubavuni.

Akauacha mlango. Akaja akakaa juu ya gunia, akasogea, akaniachia nafasi.